Ng'ombe Kumi na Tisa na Mita Moja

Mke wangu Ngendo amewapa mimba ng'ombe wengi kuliko fahali yeyote aliyewahi kukanyaga Kaunti ya Kiambu. Nasema hivi bila aibu kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja, kupandisha ng'ombe kwa mrija, kazi ambayo huku kwetu Murera kila mtu anaiita AI. Mkulima akiona ng'ombe wake ametulia leo na kesho ameanza kuwapanda wenzake, anampigia Ngendo simu. Ngendo anapakia mtungi wake wa mbegu, ule unaofuka mvuke wa baridi ukifunguliwa, anavaa glavu ya plastiki inayofika begani, na kabla ya saa sita amemaliza mashamba manne. Wakulima wanamwita ndagitari. Si daktari, lakini aliacha kuwasahihisha zamani. Mimi nilifundisha shule ya msingi Ruiru kwa karibu miaka hiyohiyo, na sikumbuki hata siku moja mtu alinipigia simu akiniomba nifike haraka.

Kazi hiyo inakula bega. Mkono uleule wa kulia, ndani ya ng'ombe, mara sita kwa siku, na ng'ombe naye hakubali kutulia. Mwaka jana daktari wa Thika, huyu wa watu, alimtazama picha ya bega akamwambia aache kabisa, la sivyo mkono hautainuka tena. Ngendo alimjibu kwa adabu kwamba amesikia. Kesho yake alfajiri simu ikalia, na kabla sijapata viatu vyangu gari letu la Suzuki lilikuwa limeshatoka langoni. Nilimgombeza aliporudi. Akasema ni ng'ombe mmoja tu, tena mpole.

Nikajua kwamba gari likiendelea kusimama uani, mke wangu hataacha. Bila gari angeweza kumwambia mkulima hana namna ya kufika, na hilo halingekuwa kosa lake. Kwa hiyo nikaanza kumshawishi tuuze. Ilinichukua miezi mitatu na ugomvi uliovunja sahani mbili. Alikubali siku aliposhindwa kuepua sufuria ya githeri mbele ya wageni wa kanisa, akakaa kitini akalia kidogo, kisha akasema sawa, liende, lakini litauzwa kwa maneno ya kweli.

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu ukweli wa gari lile haukuwa na sura ya ukweli. Tulilinunua mwaka wa 2009, gari dogo la kijani la kupanda milima, na lilitutumikia bila kinyongo. Mwaka wa 2018 panya waliingia chini ya dashibodi wakatafuna nyaya mpaka taa zote zikazima. Barasa, fundi wetu wa Thika, alitafuta dashibodi nzima kutoka kwa gari la aina hiyohiyo lililopinduka, akaifunga. Sasa ile dashibodi ya marehemu ilikuja na kilomita zake. Mita yetu ya zamani iliishia elfu mia na arobaini na tatu. Hii mpya ilianza elfu mia mbili sitini na mbili. Gari letu lililala kwa fundi likiwa la makamo, likaamka mzee.

Leo mita inasoma elfu mia tatu hamsini na moja. Ukitoa zile za gari lililopinduka na kuzirudisha zetu, jibu ni elfu mia mbili thelathini na mbili. Hesabu ya darasa la nne. Ngendo aliwaeleza wanunuzi hivyohivyo, hatua kwa hatua, akiwa amesimama mbele ya boneti mikono nyuma. Na walimcheka.

Huwezi kuwalaumu. Nchi hii kila mtu anajua mita hurudishwa nyuma ili gari lionekane changa. Sasa mama mtu mzima anakuja na kusema mita yake imezidisha, gari ni changa kuliko linavyoonekana. Mnunuzi wa kwanza, kijana wa Mwihoko, alicheka mpaka akaegemea kioo cha pembeni. Wa pili alisema amenunua magari kumi na moja na hajawahi kusikia mita ikisingiziwa hivyo. Wa tatu alikunywa chai yetu, akala mkate wetu, halafu akaniuliza mimi, si yeye, kama mke wangu yuko sawa. Nilimfungulia lango bila kumwambia kwaheri.

Ngendo hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alienda kuosha vikombe. Ni lazima nieleze kitu kuhusu kazi yake ili mnielewe. Akifungua ule mtungi, mkulima haoni chochote ila mvuke. Akimwambia hii ni mbegu ya fahali fulani mwenye maziwa mengi, mkulima anaamini, analipa, na kungoja miezi tisa aone ndama. Mwanamke huyu ameishi kwa neno lake miaka thelathini na moja, na hakuna mtu wa Murera aliyewahi kurudi akisema ndama hakufanana na ahadi. Kisha watu watatu wasiomjua wanakuja uani kwake na kumfanya mwongo ndani ya wiki moja. Aliniambia wa nne akimcheka ataacha kuuza, gari lioze palepale. Na mimi nilijua halitaoza. Litaendeshwa.

Nikampeleka kwa Eddie, kijana mwenye yadi ya magari karibu na Kamakis. Eddie alisikiliza hadithi yote akitafuna kijiti cha meno, na mwisho akaona njia rahisi. Ana mtu wake mwenye kompyuta, dakika ishirini tu, mita inarudi kwenye elfu mia mbili thelathini na mbili.

“Mathe, si hiyo ni kusema ukweli tu?” alisema. “Mita ndiyo inadanganya. Sisi tunaisaidia.”

Nakiri niliona ana akili. Nilimpigia hesabu upya nikaona jibu ni lilelile, na kama jibu ni lilelile, ubaya uko wapi? Ngendo alimshukuru Eddie, tukaondoka. Aliendesha barabara yote ya Eastern Bypass. Tulipofika nyumbani akazima injini, akaniambia, “Mita ikishaguswa na mkono wangu, Baba Shiko, haisemi tena habari za gari. Inasema zangu.” Akashuka. Mimi nilibaki ndani ya gari nikiitazama ile mita.

Mnunuzi wa nne aliitwa Mutisya. Ni Mkamba wa upande wa Yatta, mfugaji wa nyuki, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Alitaka gari la kupeleka mizinga kwenye njia za mawe ambako pikapu yake ilikuwa imemshinda. Alizunguka Suzuki mara mbili, akalala chini akachungulia, akainuka na vumbi mgongoni. Ngendo akampa hesabu yake, kwa sauti ya mtu anayesubiri kofi. Mutisya hakucheka.

“Mama, mimi niliuziwa pikapu ya kilomita elfu tisini,” alisema. “Ilikuwa imezunguka dunia. Sasa wewe unaniambia yako ni kidogo kuliko mita. Inaweza kuwa kweli. Nionyeshe.”

Ngendo akafikiri. Halafu uso wake ukafunguka, na akaniuliza kama nakumbuka kadi za ng'ombe.

Kila ng'ombe anayepandishwa ana kadi yake, na kadi hukaa kwa mkulima. Ngendo huandika tarehe, jina la fahali, na chini kabisa kilomita za gari siku hiyo. Zamani chama cha ushirika cha maziwa kilikuwa kinamrudishia mafuta kwa kilomita, ndiyo maana wakaweka huo mstari. Mpango wenyewe ulikufa hata kabla Shiko wetu hajaenda sekondari, lakini mkono wa Ngendo haukupewa habari. Umeendelea kuandika. Nakala za ofisini zilitupwa walipohama, kwa hiyo historia nzima ya gari letu ilikuwa imetawanyika kwenye mabanda ya ng'ombe kutoka Murera mpaka Ruiru. Mutisya alisema twende, na kwa kuwa alitaka pia kulijaribu gari, yeye akaendesha, Ngendo akaelekeza, na mimi nikakunjwa kiti cha nyuma, magoti kidevuni.

Siwezi kusema sikufurahi siku ile. Nilikuwa nimeoa mtu maarufu na sikujua. Kwa Mzee Karanja kadi ilikuwa imetundikwa msumarini karibu na chujio la maziwa, kona moja imeliwa na mbuzi. Karanja alikataa kuitoa.

“Mwarimu, hii ni kipande, kitambulisho cha Daisy,” aliniambia. “Ukiipoteza, Daisy atakuwa nani?”

Ilibidi nimwandikie hati ya kukopa ng'ombe wa karatasi, nikatia sahihi. Baada ya hapo alimshika Mutisya mkono akampeleka kumwonyesha mitamba watatu, wajukuu wa Daisy, na kumweleza ni fahali gani baba wa nani, na kwamba ndagitari hakukosea hata mmoja. Mutisya aliitikia kwa kichwa kwa heshima, ingawa yeye ni mtu wa nyuki.

Ruiru tulimkuta Tausi, mjane anayefuga ng'ombe wawili nyuma ya vyumba vyake vya kupangisha. Kadi zake alizihifadhi kwenye mfuko mmoja na kadi za kliniki za wajukuu, na tulitumia nusu saa kutenganisha chanjo za mjukuu Hayat na uzazi wa ng'ombe Sukari. Tausi alimsimulia Mutisya jinsi Sukari alivyozaa mapacha mwaka wa 2018, na jinsi Ngendo alivyokesha naye zizini. Kila nyumba ilikuwa na chai na haikuwezekana kukataa. Mutisya alisimamisha gari mara tatu kwenye vichaka. Ilipofika saa saba tulikuwa na kadi kumi na tisa, na njaa.

Tukaenda Kamakis kula nyama. Mnajua nyama ya pale haiji mpaka umesahau uliagiza nini, kwa hiyo Mutisya alichagua meza iliyo pembeni, Ngendo akaenda kunawa mikono, na mimi nikaanza kupanga kadi kwa tarehe. Ni kazi ninayoiweza. Nimepanga ripoti za watoto miaka mingi. Zilianza vizuri, elfu sitini na moja mwaka wa 2009, elfu sabini na nne, elfu tisini na nane, zikipanda polepole na kwa adabu. Mutisya alikuwa akitazama barabarani. Nikafika mwaka wa 2017.

Kadi ya Daisy, Machi 2017, ilisema 143,318. Kadi ya ng'ombe mwingine, Septemba mwaka huohuo, 143,318. Kadi ya Sukari, Februari 2018, 143,318. Mwandiko wa Ngendo ulikuwa safi, kila tarakimu imesimama wima.

Nikaelewa mara moja. Panya hawakuzima dashibodi siku moja. Walianza na waya wa mita, na mita ikafa miezi kumi na tano kabla ya taa. Ngendo hatazami mshale wa spidi. Anaendesha kwa masikio, kama wanawake wote wa umri wake walioanza na pikipiki. Alikuwa akishuka, anatazama mita, ananakili namba, anaingia zizini. Kadi moja iko kwa Karanja, nyingine kwa Tausi, hakuna aliyewahi kuziona pamoja. Miezi kumi na tano ya safari haikuandikwa popote, na ile hesabu yake ya darasa la nne ilikuwa na shimo.

Sitajitetea sana. Niliona bega lake. Kichwani nilimwona Mutisya akiinuka na kwenda zake bila hata kucheka, na Suzuki ikirudi uani, na simu ikilia. Nilifikiri kilomita elfu kumi, labda kumi na tatu, ni kitu gani kwa gari la umri ule? Nikazikunja kadi tatu nikazitia mfuko wa ndani wa koti. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia, na hilo ndilo linaloniaibisha mpaka leo.

Ngendo akarudi, akafuta mikono, akaanza kuzipitia kadi. Nilikuwa nimesahau jambo moja kuhusu mke wangu. Yeye hasomi namba. Anasoma ng'ombe. Kidole chake kilipita juu ya majina moja moja, akitabasamu kwa huyu, akiguna kwa yule, kisha kikasimama.

“Sukari yuko wapi?”

Nikasema huenda ameanguka garini. Akasema na Daisy hayuko, na hatuwezi kumpoteza Daisy, maana Karanja atatuua. Akainuka kwenda kutafuta. Alijisukuma kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia hauwezi tena kumwinua, na uso ukajikunja kwa maumivu aliyodhani siyaoni. Sikuweza kumwacha atembee mpaka kwenye gari kutafuta kitu kilichokuwa kifuani kwangu. Nikatoa kadi tatu nikaziweka mezani. Sijawahi kujiona mdogo hivyo, na nimewahi kukaguliwa na wakaguzi wa shule.

Ngendo alivuta kiti, akakaa tena. Alizipanga kadi mstari mmoja, akazisoma, safari hii namba zenyewe. Nyama ililetwa, ikawekwa, na hakuna aliyeigusa. Nilimwona akielewa, kwa namna bega lilivyoshuka, na nikangoja anigeukie. Badala yake alimgeukia Mutisya.

“Nimekudanganya,” alisema. “Sikujua, lakini nimekudanganya. Hii mita ilikuwa imekufa na mimi nilikuwa naendelea kuiandika kama inapumua. Miezi kumi na tano, sina kadi ya kukuonyesha. Inaweza kuwa elfu mia mbili arobaini na tano. Inaweza kuzidi. Ukiacha gari hutakuwa umenikosea.”

Alisema haya kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayomwambia mkulima kwamba ng'ombe hakushika mimba. Nikataka kumkatiza, kueleza kuhusu panya, kuhusu wastani wa kila mwaka, hesabu nilikuwa nimeshaifanya kichwani. Alinitazama mara moja tu na hesabu ikabaki kichwani.

Mutisya alivuta sahani. Alichukua mfupa, akaula taratibu, upande huu na upande ule, akaunyonya ndani, akauweka chini. Akanawa mikono kwa ile chupa ya maji. Kisha akaomba karatasi. Nilichana moja kutoka daftari langu, na akanitajia maneno ya kuandika, mimi nikiandika kwa mwandiko bora niliobaki nao. Kwamba mita ya gari inasoma elfu mia tatu hamsini na moja na si yake. Kwamba kadi za ng'ombe kumi na tisa zimeonekana. Kwamba kuanzia Machi 2017 hadi Juni 2018 kilomita hazijulikani, na muuzaji mwenyewe ndiye aliyesema. Akatia sahihi panapoandikwa mnunuzi, akampa Ngendo kalamu, Ngendo naye akatia, kwa tarakimu zake zilizosimama wima pale penye tarehe. Alikuwa na machozi na alikuwa akicheka, vyote kwa pamoja, na akavuta sahani ya nyama upande wake bila kutungoja.

Mutisya akanisukumia na mimi karatasi, panapoandikwa shahidi.

“Nilikuona ukizitia mfukoni, mwalimu,” alisema. “Nilikuwa nangoja nijue ni nani kati yenu anayeniuzia gari.”